Malalamiko Dhidi ya Mdogo Wangu kwa Kuona Tulichokiona Sote

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

Nakusalimu wewe pamoja na karani wako, na ninatumaini barua hii itakukuta umeketi, maana yaliyomo humu si ya kusomwa mtu akiwa wima. Mimi ni yule fundi cherehani wa chumba cha kona, mkabala na duka la rangi, ambaye wengi mnaniita Mtindo. Jina hilo sikujipa mwenyewe. Nilipewa na mtaa huu huu, kwa kuwa kwa miaka kumi na minane hakuna mtindo mpya wa nguo uliopita hapa bila kuanzia dirishani kwangu. Nalitaja ili ujue kwamba anayelalamika si mtu aliyelala. Nilikuwa macho muda wote, na ndiyo sababu jambo hili linaniuma.

Mlalamikiwa ni mdogo wangu wa kike, tumbo moja, anayeshona nyuma ya pazia ndani ya chumba hicho hicho. Kosa lake, kwa kifupi, ni kwamba aliona jambo lililokuwa wazi mbele ya macho ya mtaa mzima, akalifanyia kazi, bila kutuuliza sisi wengine tuliokuwa tukiliona na kuliacha lilivyo.

Marehemu baba yetu alishona katika chumba kile miaka thelathini na mmoja. Alipofariki, familia ilikaa, shangazi akasimamia, tukagawana. Mimi kwa ukubwa wangu nilipewa upande wa mbele, wenye dirisha la kioo linalotazama barabara. Mdogo wangu akapewa upande wa nyuma, wenye ukuta, feni iliyokufa na benchi la wateja. Tukatundika pazia katikati. Siku ile nilimwonea huruma, Ndugu Mwenyekiti, naomba hilo liandikwe. Nilimwambia, "Vumilia mdogo wangu, mambo yangu yakininyookea nitakuwekea feni mpya." Sasa feni anayo. Na mimi pia ninayo, ameniwekea yeye.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu benchi. Dirishani kwangu niliwaona watu wanaopita. Yeye kule nyuma aliwaona watu wanaokaa, na wanaokaa ni wale waliochoka miguu. Hii ni nafasi ambayo mimi sikupewa.

Siku moja alikuja mwalimu mstaafu wa hesabu, yule aliyetufundisha karibu sote hapa mtaani, kuchukua shati lake. Akalivaa ili alijaribu, akafika kwenye vifungo, akakwama. Vidole vilikuwa vimekakamaa, kifungo kinamkimbia kama kuku. Nilitoka mbele nikaenda kumsaidia, nikamfunga kimoja kimoja mpaka shingoni, huku nikimtania, "Mwalimu, zamani ulikuwa ukitufunga wewe darasani, leo zamu yangu." Akacheka, nikacheka, nikarudi dirishani kwangu.

Mdogo wangu hakucheka. Alichukua daftari akaandika kitu. Miezi mingi baadaye nililiona daftari lile, na maneno yenyewe yalikuwa haya: "Mwalimu, vifungo. Wa tatu wiki hii." Sasa nauliza kwa unyenyekevu: shati lilifungwa na nani? Vidole vilivyokakamaa viliguswa na nani? Mimi nilikuwa karibu na jambo lile kuliko yeye, pua na kidevu. Iweje liwe lake?

2. Kuhusu vitabu vya vipimo. Hapa ndipo nilipoumizwa zaidi, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu kidogo.

Baba alikuwa na tabia ya kuandika vipimo vya kila mteja katika vitabu vikubwa vya jalada gumu: tarehe, umri, kifua, kiuno, mabega, urefu wa mgongo. Aliacha vitabu ishirini na viwili. Tuligawana sawasawa, kumi na kimoja kila mmoja, mbele ya shangazi. Vyangu nilivitumia vizuri. Vinne viliishika meza ya kukatia, ambayo mguu wake mmoja ni mfupi, na vilivyobaki nilikandamizia vitambaa visipeperuke.

Siku moja mdogo wangu akachungulia pazia. "Kaka, hivi vitabu vya Baba unavihitaji?"

Nikamwambia, "Mimi sivihitaji, ila meza inavihitaji."

Kesho yake akaja na tofali amelifunga kwenye gazeti. Tukabadilishana. Nilimpa mwenyewe, kwa hiari yangu, kwa mikono miwili, na hata nikamshukuru, kwa sababu tofali lilikuwa limenyooka kuliko vitabu. Hakuniambia kwamba anakwenda kuvisoma! Mtu anapoomba vitabu, Ndugu Mwenyekiti, nani angedhani anataka kuvisoma?

Alivisoma msimu wote wa mvua, wakati wateja ni wachache. Alikuwa akimtafuta mtu mmoja mmoja, kitabu hadi kitabu. Akamkuta dereva wa lori aliyeshonewa suti ya harusi akiwa na kiuno cha inchi thelathini, na kitabu cha mwisho kinasema thelathini na tisa. Akamkuta mama wa posta ambaye bega lake la kushoto limeshuka kidogo kidogo kila baada ya miaka michache, mpaka blauzi zake zote zikawa zinaanguka upande. Akagundua kwamba watu wakivuka umri fulani, nguo huwapungukia mgongoni na kuwazidi mbele, kwa sababu wanainama, na kwamba kila fundi wa mji huu anaendelea kuwakatia kana kwamba wamesimama gwaride. Katika kitabu cha kwanza cha Baba, kwa kila wateja mia, waliovuka miaka sitini walikuwa sita. Katika kitabu cha mwisho walikuwa arobaini na wanne.

Aliniambia haya kupitia pazia, sauti tu, cherehani inaendelea. "Kaka, wateja wa Baba hawajaondoka. Wamezeeka tu."

Nikamjibu, "Sasa hilo nani hajui?"

"Wote tunajua," akasema. "Ila hakuna anayewashonea."

Niliona ni maneno ya kawaida. Nikaendelea na kazi yangu.

Na kwa kuwa huenda ukauliza kazi yangu wakati huo ilikuwa nini, nitaieleza bila kuficha. Mwaka huo nilikuwa nikishona fulana zenye maneno ya yule mtangazaji wa redio, ambayo kila mtu alikuwa akiyasema kwenye simu na barabarani. Yalidumu wiki tisa. Fulana zilipokamilika, yalikuwa yamebakiza wiki moja. Baada ya hapo zikaja suruali za kubana. Hapo nilikuwa wa kwanza kabisa, nilizibana kuliko mtu yeyote, kijana mmoja alilazimika kukatwa kwa mkasi ili atoke. Kisha upepo ukageuka, wakataka mapana. Kisha timu yetu ikafika fainali, nikanunua majora sita ya kitambaa cha kijani kinachong'aa, na matokeo ya fainali unayajua. Majora matano na nusu bado yamesimama pembeni mwa dirisha. Ukipita jua likiwa limewaka, ni lazima ufumbe macho.

Katika yote hayo hakuna mtu anayeweza kusema nilikuwa mvivu. Nilikimbia. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kiti. Je, ni haki mtu aliyekaa kumpita mtu anayekimbia?

3. Kuhusu Mama. Mama yetu alikuwa mtu wa kutembea. Baadaye akaanza kupenda kukaa ndani. Hivyo ndivyo tulivyosema nyumbani: "Mama siku hizi anapenda kukaa ndani." Haendi kwa shoga yake, haendi kwenye harusi, akialikwa anasema kichwa kinamuuma. Tulizoea. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimpelekea matunda Jumamosi, namkuta kitandani amevaa kanga na blauzi ya kulalia, tunaongea, naondoka. Nilikuwa nikijisifu kwamba mama yangu hana makuu.

Mdogo wangu akamwomba jambo moja ambalo mimi nisingeweza kumwomba mama yangu mzazi. Alimwambia, "Mama, hebu inua mkono."

Mkono haukupanda. Uliishia usawa wa kifua. Kumbe kwa miaka miwili Mama hakuweza kuvaa gauni lolote la kupitisha kichwani bila kuomba msaada, na kwa kuwa hakutaka kuomba, hakutoka.

Mdogo wangu alimshonea gauni la bluu linalofunguka mbele lote, kuanzia shingoni mpaka chini, mikono mipana, na badala ya vifungo akaweka utepe wa kunata, ule wa kubandika na kubandua, huku vifungo vyenyewe vikubwa vizuri akavishona juu kwa urembo, mtu asijue. Akampelekea Ijumaa. Jumamosi nilikwenda na matunda yangu. Kitanda kitupu. Chumba kitupu. Nilipiga kelele, majirani wakatoka, tukatafuta bafuni, tukatafuta uani, nikakimbia hadi zahanati. Tulimkuta mtaa wa tatu, sebuleni kwa shoga yake, amekaa kwenye kochi na gauni lake la bluu, wanacheka jambo ambalo walikataa kuniambia.

Nilisimama mlangoni ninahema. Nikasema, "Mama, si ulikuwa unaumwa?"

Akaniangalia. "Mwanangu, sikuwa ninaumwa," akasema. "Nilikuwa nimeshindwa na gauni."

Tangu siku hiyo Mama hapatikani nyumbani. Nimepeleka matunda Jumamosi nne mfululizo na kuyaacha dirishani. Mwana anayetaka kumjulia hali mama yake sasa inabidi aulize majirani ameelekea wapi. Hili ni malalamiko rasmi, na naomba lihesabiwe peke yake.

4. Shikamoo. Chumba kile kina mlango mmoja, nao uko upande wangu. Habari za gauni la bluu zilipotembea, na zilitembea kwa sababu Mama mwenyewe alikuwa anazitembeza, wateja wa mdogo wangu wakaanza kupita kwangu kwenda nyuma. Wote wamenizidi umri. Kwa hiyo wote ni lazima niwaamkie. Jumanne iliyopita nilihesabu: shikamoo hamsini na tatu kabla ya saa sita mchana. Baadhi hawasikii vizuri, narudia mara mbili. Baadhi wakishaitikia marahaba wanasimama kuniuliza hali ya mke wangu, ya shangazi, na kama ile meza ya Baba bado inayumba. Kufika adhuhuri sauti imekauka na sijapiga hata mshono mmoja.

Alhamisi likatokea kubwa zaidi. Mwanamume mzima, ana ndevu, amembebea bibi yake mfuko, akaingia akaniinamia: "Shikamoo, baba." Niligeuka nyuma nione anamwamkia nani. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

5. Kuhusu bango langu. Usifikiri sikuchukua hatua. Nilipoona mambo yamefika huko, niliamua na mimi nishindane kwa haki. Nilimwendea jirani wa duka la rangi, akaniandikia bango zuri kwa herufi nyekundu: NGUO ZA WAZEE ZINASHONWA HAPA. Nikalisimamisha dirishani, nikajipanga na futi kamba shingoni.

Wa kwanza kufika alikuwa yule yule mwalimu mstaafu. Akasimama mbele ya bango. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena neno kwa neno. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Na hao wazee huwa wanakuja saa ngapi?" Akapita, akafungua pazia, akaenda nyuma.

Wiki nzima wakawa hivyo hivyo. Dereva wa lori aliniambia atampelekea jirani yake habari. Mama wa posta alisema ni jambo jema, kwamba wazee wanahitaji kutazamwa, masikini, kisha akaingia nyuma na bega lake. Mdogo wangu hana bango lolote ila kipande cha karatasi juu ya benchi kilichoandikwa kwa kalamu: "Nguo rahisi kuvaa." Nilimfuata nikamwuliza siri yake ni nini. Alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja.

"Kaka," akasema, "mtu hanunui uzee. Anao tayari."

Naomba ofisi yako iangalie kama inaruhusiwa mdogo kumjibu kaka yake hivyo.

6. Kuhusu mke wangu. Mke wangu alikuwa akinisaidia mbele kupiga pasi na kukunja mapindo. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta kiti chake hakipo, cherehani yake haipo, na chupa ya chai haipo. Nikafungua pazia. Viko huko vyote, na mwenyewe yuko pale, ameinamia lastiki ya suruali ya kiuno laini, wanazungumza na wifi yake kana kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Nilimwuliza maana yake ni nini. Akasema, "Mume wangu, nimehama hatua nne. Usije ukaniandika mtoro." Kisha akanimiminia chai, nikainywa nimesimama upande wangu, mkono umepitia kwenye pazia.

7. La mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mdogo wangu anahama. Amepata ukumbi karibu na zahanati, chini kabisa, hauna ngazi, mlango wake unapitisha kiti cha magurudumu bila kugusa fremu. Anahama mwisho wa mwezi huu. Mke wangu anahama naye. Benchi linahama. Vitabu ishirini na viwili vinahama, vikiwemo kumi na kimoja vyangu ambavyo sasa tofali limekuwa mrithi wake.

Alinijia mwenyewe kuniambia. Hakupitisha sauti kwenye pazia siku hiyo. Alizunguka akakaa kwenye kiti cha mteja, mbele ya majora ya kijani, akafinya macho kidogo.

"Ukumbi una dirisha kubwa la mbele," akasema. "Nimekuachia wewe. Mimi sijui kupanga dirisha. Wewe unajua kufanya nguo ipendeze, na hawa watu wangu, kaka, bado wanataka kupendeza. Wote. Mwalimu ameniuliza kama kuna rangi nyingine zaidi ya kahawia."

Nikamwambia nitafikiria.

"Tumechoka kukuona ukikimbia," akasema. "Watu wanazeeka kila siku, hata sikukuu. Huu mtindo hauishi."

Nikamwambia nina kazi. Sikuwa na kazi. Dirisha lile lina upana wa mita tatu na nusu. Najua, kwa sababu nilipita kulipima siku iliyofuata, kwa nia ya kukusanya ushahidi.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, kuna jambo ambalo si malalamiko bali ni maelezo tu, na ukipenda karani asiliandike. Miaka kumi na minane nimekuwa nikisikia cherehani yake upande wa pili wa pazia. Ikinyamaza kidogo, na yangu hunyamaza, nasikiliza kama yupo salama au amekwenda kuchukua uzi. Sijawahi kumwambia. Nikiwaza chumba kile kikiwa na cherehani moja, naona ni kikubwa mno. Hilo ndilo la maelezo. Narudi kwenye malalamiko.

Kwa sababu zote hizo, naiomba ofisi yako yafuatayo:

(a) Itangaze kwamba jambo lolote linalokwenda polepole na kuonekana na kila mtu ni mali ya mtaa mzima, na asiruhusiwe mtu yeyote kulifanyia kazi mpaka sote tuwe tayari.

(b) Yeyote atakayeliona jambo la namna hiyo alitangaze mkutanoni ndani ya siku saba. Nitatoa mifano ili nisilaumiwe kesho kwamba na mimi nilificha. Watoto wanarefuka. Majengo yanapanda juu na ngazi zinaongezeka. Vijana wanahamia mbali na wazazi wao wanabaki na simu wasizojua kuzitumia. Nyumba zinajaa vitu na hakuna anayejua pa kuviweka. Meno yanang'oka. Nayataja haya yote hadharani, na nakataza yasiguswe.

(c) Wazee wagawanywe kama tulivyogawana vitabu. Waliovuka sabini wawe wa mdogo wangu, na wa kati ya sitini na sabini wawe wangu. Wale ambao bado hawajakubali kwamba ni wazee, ambao kwa uzoefu wangu ndio wengi, wapigiwe kura.

(d) Kama hilo ni gumu, basi wakazi wote waombwe kwa tangazo la kipaza sauti waache kuzeeka kwa muda, walau mpaka niwe nimemaliza kitambaa cha kijani.

(e) Mdogo wangu azuiwe kuhama. Sababu utaitafuta wewe, kwa kuwa unazijua sheria. Mimi kila niliyoiandika hapa niliifuta.

Naamini ofisi yako haitanitupa. Nisalimie mama watoto wako, nisalimie karani, mlinzi wa getini, na wajumbe wote wa nyumba kumi, hata yule aliyekataa kuzichukua suruali zake za kubana. Mwambie bado zipo na bado zinabana.

Ni mimi, katika malalamiko niliyoyapiga mishono miwili ili yasifumuke,

Fundi wa Dirishani (Mtindo)

NYONGEZA. Naandika kipande hiki nikiwa kwenye baraza la ofisi yako, saa saba na robo mchana. Nilifika saa mbili asubuhi kuleta barua hii, nikakuta foleni ya watu ishirini na kitu, kila mmoja ana lake. Fundi bomba aliyekaa kando yangu aliitazama bahasha yangu akauliza nani ameniandikia, maana anwani imenyooka. Nikamwambia nimeandika mwenyewe. Akaniomba nimwandikie na yeye, anagombana na jirani kuhusu ukuta. Nikamwandikia, nikampangia hoja zake kwa namba. Aliposomewa mbele ya watu, akatikisa kichwa akasema hakujua ameonewa kiasi hicho. Basi wakageuka wote. Mpaka sasa nimeandika barua tisa, na mama mmoja wa mboga anasubiri ya kumi.

Nilimwuliza karani wako kama leo ni siku ya pekee. Akacheka. Akaniambia alipoanza kazi hapa kulikuwa na kabati moja la malalamiko, sasa yapo matatu, na la nne limeshaagizwa. Kila mwaka yanaongezeka, akasema, na kila mtu anaona. Nikazunguka baraza lote kwa macho. Hakuna meza hata moja ya mtu wa kuwaandikia.

Mdogo wangu alipita kunitafuta, akaniletea chakula. Aliisoma barua hii yote akiwa amesimama, akacheka mpaka akashika nguzo. Alipofika kwenye yale maelezo ambayo si malalamiko hakucheka, akaikunja akanirudishia. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Na meza unayo?" Nikamwambia ninayo, ile ya kukatia. Akasema asubuhi nije hapa na jioni niende kwenye lile dirisha lake, kwamba mita tatu na nusu haziwezi kukaa tupu. Kumbe na yeye amelipima.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba yafuatayo kwa haraka. Ombi (e) lifutwe, ahame salama, mimi mwenyewe nitabeba benchi. Ombi (a) na ombi (b) yasisomwe mkutanoni kwa hali yoyote ile, na haya makabati manne yasitajwe kwa mtu. Na akitokea mtu wa kulalamika kwamba nimeona jambo lililokuwa mbele ya macho ya watu wote, nikalikalia peke yangu, tafadhali asisikilizwe kwa mdomo. Alete kwa maandishi. Mimi nipo barazani kuanzia Jumatatu, meza ya kwanza mkono wa kulia, na nitamwandikia vizuri sana.